Dele la Kahawa na Chati ya Ukutani

Ofisini kwetu Shimanzi, Mombasa, palikuwa na chati ukutani, karibu na mlango wa mkurugenzi. Visanduku vya buluu na mistari minyoofu: mkurugenzi juu, chini yake wakuu wa idara wanne, chini yao makarani, wasimamizi wa yadi na madereva. Mama aliyetuuzia mahamri na mbaazi nje ya geti hakuwemo. Mzee wa kahawa hakuwemo. Tanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, hawakuwemo, wala vijana wa usafi. Nilifanya kazi pale miaka tisa, kazi ya nyaraka katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na kila nikikumbuka jinsi kazi ilivyokuwa ikienda, naona ilipita mikononi mwa hao wasiokuwemo mara nyingi kuliko ilivyopita kwenye mistari ile.

Nianze na kontena la vigae.

Mteja wetu mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na kontena moja la vigae. Ushuru umelipwa, hati zote ziko sawa, kompyuta inasema kontena liko katika yadi fulani nje ya bandari. Dereva akaenda, akaambiwa halipo. Tukapiga simu, tukaandika barua pepe, mkuu wetu wa idara akamwandikia mkuu mwenzake. Jibu likawa lile lile: linashughulikiwa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Anayeijua kazi hii anajua maana yake. Zile siku za kuweka mzigo bila malipo zikiisha, kila kukicha ni bili, na bili hiyo wakala na mteja huja kuigombania mpaka salamu zikatike.

Asubuhi ya siku ya tatu nikatoka kununua mahamri. Mama alikuwa akichota mbaazi kwa upawa, macho kwenye sufuria. Akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza, kwa vile tu mtu hutaka kuutua mzigo wake mahali. Hakuinua kichwa.

"Vigae ndivyo mwatafuta siku zote hizi? Yule kijana wa kreni, mrefu, apendaye mchuzi mwingi, jana alilalamika hapa kwamba usiku kucha amehamisha makontena kupeleka yadi ya nyuma, ati ya mbele imejaa. Ngoja saa nne, yuwaja."

Saa nne akaja. Saa saba mchana vigae viko juu ya trela.

Mama yule hakuwa na siri yoyote ya kuuza. Alikuwa amekaa mahali ambapo watu wa kampuni sita, saba, hupita kila asubuhi wakiwa na njaa, na mtu mwenye njaa husema akingoja sahani. Msomi wa Marekani, Ronald Burt, ameandika sana kuhusu watu wa namna hii. Mwaka 1992 alieleza kwamba kati ya kundi na kundi huwa kuna pengo, na anayekaa kwenye pengo hilo hupata habari mapema, tena za aina nyingi, kuliko aliyejifungia katikati ya wenzake. Nilipokuja kuyasoma hayo nilimwona yule mama na upawa wake.

Kahawa nayo ilikuwa na saa yake. Baada ya Alasiri, jua likianza kulegea, ungemsikia mzee kabla ya kumwona: vikombe viwili vidogo vikigongana kwenye kiganja chake, dele la shaba mkono wa pili, makaa yakiwaka chini yake. Chini ya mwarobaini uani kulikuwa na benchi lililopigwa misumari kwa mbao za makreti. Hapo ungemkuta mhasibu mkuu ameketi bega kwa bega na mlinzi, dereva ameegemea shina, tanboi amechuchumaa na kipande cha kashata. Kikombe cha kahawa chungu hakishibishi mtu. Kazi yake ni kumkalisha dakika kumi. Wenyeji wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Nyumba za Mji wa Kale zilijengewa baraza za mawe mbele ya milango ili mpita njia apate pa kukaa na mwenye nyumba apate wa kuzungumza naye. Lile benchi lilikuwa baraza iliyotufuata kazini.

Pale ndipo nilipojifunza kazi. Ofisini nilipewa meza, namba ya siri ya kompyuta na rundo la faili, hakuna aliyenifundisha. Karani mmoja mzee, aliyebakisha mwaka astaafu, alinitazama wiki ya kwanza nikihangaika na bei na hesabu za ushuru, akaniambia tukiwa kwenye kahawa: "Mwanangu, usianze na bei. Anza na uzito. Tazama uzito kwenye hati ya meli, halafu kwenye orodha ya mzigo. Ukiona haulingani, simama hapo hapo, usiguse kingine." Sentensi nne tu, na zimeniepusha na mashaka mengi kuliko mafunzo yote niliyowahi kukaa hotelini nikiyasikiliza. Hata leo ninapomfundisha karani mpya naanza na uzito.

Lakini benchi lilikuwa na meno pia.

Alikuja kijana mmoja, ametoka chuo, mwepesi wa vidole. Faili zilizotuchukua siku nzima yeye alizimaliza kabla ya Adhuhuri. Wiki mbili tu zikatosha. Mfumo wa forodha ukirudi baada ya kukatika, sote tulipashana habari, yeye hakuambiwa. Faili zake zikawa daima chini ya rundo. Jioni moja dereva wa makamo akamweleza wazi, kwa upole: "Ukionyesha kwamba mtu mmoja aweza kazi ya wawili, mwakani atabaki mmoja. Na huyo mmoja huenda asiwe wewe."

Haya si ya Mombasa peke yake. Kuanzia 1924 hadi 1932 kulifanywa utafiti maarufu katika kiwanda cha Western Electric kilichoitwa Hawthorne, karibu na Chicago. Watafiti walianza kwa kupima kama mwanga wa taa huongeza kazi, wakaishia kuwatazama watu. Katika sehemu ya mwisho, 1931 na 1932, waliwaweka wanaume 14 katika chumba kimoja wakiunganisha nyaya za vifaa vya simu. Malipo yalipangwa hivi: kundi likitoa kazi nyingi, kundi lipate pesa nyingi. Ungetarajia wakimbizane. Kumbe walikuwa wameshakubaliana wenyewe kazi ya siku ni kiasi gani, na aliyepita kiasi alipigwa ngumi ya bega mpaka apunguze. Wakubwa wa kiwanda hawakuwa wameiandika sheria hiyo popote.

Wakubwa wetu nao waliliita jambo lile uvivu. Mimi siliiti hivyo. Watu wale walikuwa wameona wenzao wakipunguzwa kazini, na kile kiasi walichokubaliana ndiyo bima pekee waliyokuwa nayo. Ila yule kijana aliondoka kabla ya mwaka kwisha, na mpaka leo nikikumbuka alivyokuwa akikaa mbele ya skrini iliyoganda, hajui kwamba mfumo umesharudi na mimi najua, moyo wangu hautulii. Nilikuwa meza ya tatu kutoka kwake. Nilinyamaza kama wengine.

Nguvu hiyo hiyo ya watu kuelewana bila karatasi iliwahi kuusimamisha mji huu. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi kwa sababu ya mishahara duni na ukali wa maisha: makuli wa bandarini, watu wa reli, wa mahotelini, hata watumishi wa majumbani. Walikusanyika katika kiwanja cha mpira walichokiita Kiwanja cha Maskini, na chama chao kikaja kujulikana kama African Workers' Federation, kikiongozwa na Chege Kibachia. Mimi hufikiria sana siku zilizotangulia tarehe hiyo. Kuli na mpishi hawana bosi mmoja wala geti moja. Neno lilipita vipi kutoka gatini hadi jikoni? Lilipita walikolala, walikokula, walikochezea mpira. Mitandao haikuanza na simu.

Kwa sisi wanawake wa ofisi, benchi letu lilikuwa mchezo wa pesa, chama kama waitavyo wengine. Tulikuwa kumi na wawili, kila mmoja shilingi 3,000 kwa mwezi, mmoja anapokea 36,000. Zamu hupigwa kwa vikaratasi kwenye bakuli. Ukiutazama kwa juu ni pesa tu. Ukiwa ndani, unajua kwamba mwenye zamu ya Machi ameomba abadilishane na wa Januari kwa sababu mtoto anaingia kidato cha kwanza. Unajua nani anachelewesha na kwa nini. Unajua ni nani wa kumpigia simu saa tano usiku. Nilipofiwa na baba, kabla barua ya rambirambi ya kampuni haijachapwa, wenzangu wa mchezo walishafika nyumbani na mchele, na mmoja wao alishakaa jikoni anamenya vitunguu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Msaidizi wa mkurugenzi alikuwa kwenye mchezo ule, na kwa sababu hiyo barua zangu za ruhusa hazikuwahi kulala mezani kwa mtu.

Nimeyasifu ya kutosha. Sasa niseme lililonifanya niandike.

Mwaka wangu wa nane, msimamizi wa nyaraka alistaafu. Nilikuwa karani wa muda mrefu kuliko wote idarani. Jumanne moja tangazo likabandikwa, jina la mwenzangu aliyeingia miaka minne baada yangu. Nilimpa mkono wa pongezi, na yeye, kwa kuwa ni mtu mwema, akaniambia kweli: alikuwa akijua tangu wiki tatu nyuma. "Tulizungumza tu maskani, kule mtaa wa Tudor. Hakikuwa kikao."

Maskani yenyewe naijua. Viti vya plastiki nje ya duka, televisheni ya mpira, kahawa, wengine mogoka, ile miraa ya majani. Baada ya Isha meneja wetu hukaa pale, na wanaume watano, sita wa ofisini hukaa naye. Hakuna anayealika wala anayefukuza. Saa hiyo mimi niko kwenye feri ya Likoni, au nimeshavuka, napika, namsikiliza mtoto akisoma kitabu. Mwanamke wa watu hakai maskani usiku, na hata ningetaka, feri hainisubiri.

Nilimwendea meneja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Alishangaa kweli, uso wake ulikuwa wazi. "Dadangu, mimi sikujua kama wewe waitaka kazi ile."

Na hakujua, kweli. Miaka minane sikuwahi kulisema mahali anapokaa yeye. Nililisema kwenye feri, nililisema kwenye mchezo, nililisema nyumbani. Hakuna aliyenichukia wala aliyepanga kunidhulumu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi katika kuajiri, kufundisha na kupandisha vyeo, na ni sheria nzuri; lakini nani angesimama kortini aeleze kosa lilitendeka saa ngapi, kati ya goli la kwanza na la pili? Kujuana kazini ni mali, na mali hii hugawanywa kwa saa na kwa mahali. Mwenye jioni zake anayo tele. Mwenye mtoto wa kunyonyesha, anayevuka maji, asiyekaa na wanaume, aliyehamia juzi kutoka bara na bado lafudhi yake inachekwa, huyo hubaki na zile saa nane za ofisi peke yake, na ndani ya saa hizo mambo mengi yameshaamuliwa.

Walioajiriwa 2020 walinifundisha hili kwa njia nyingine. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 27, na Aprili 8 kuingia na kutoka Mombasa kukafungwa. Nusu ya ofisi ikafanyia kazi nyumbani. Sisi wazee wa benchi tuliendelea vizuri, tulikuwa na kundi letu la WhatsApp ambalo wakubwa hawakuwemo, na lile jingine la wakubwa ambalo hakuna aliyesema neno la maana. Vijana wawili walioingia mwezi ule walikuwa na namba za simu za watu wote na hawakuwa na mtu wa kumpigia. Mmoja aliniambia baadaye kwamba kwa miezi mitano alikuwa anaogopa kuuliza swali, kwa sababu kila swali lilikuwa lazima liandikwe.

Nilipata kazi nyingine. Na hapa feri niliyoilaumu inanidai shukrani.

Kila asubuhi kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye mtandio wa zambarau, ambaye kama mimi alipenda kusimama karibu na ngazi ya kushoto ili ashuke mapema. Kwa miaka miwili yote tuliyosemezana ni foleni, mvua, na bei ya samaki. Siku moja, feri ikiwa imesimama katikati ya maji kupisha meli, nikamwambia nimechoka na kazi yangu. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia. Akasema, "Basi kwetu wanatafuta mtu hasa wa hiyo kazi." Sikuwa najua jina lake kamili mpaka nilipolazimika kuliandika kwenye barua ya maombi.

Msomi mwingine wa Marekani, Mark Granovetter, aliwauliza wanaume wa Newton, mji ulio karibu na Boston, walipataje kazi zao mpya. Katika waliopata kwa kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakimwona mtu huyo mara nyingi; asilimia 55.6 walimwona mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Makala yake ya 1973 inaeleza sababu: rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua, bali mtu wa mbali anatoka kwenye dunia nyingine. Aliowahoji walikuwa wanaume watupu, nami ningependa sana kujua wanawake wa Newton walikuwa wakisimama wapi asubuhi. Wa Likoni husimama kwenye feri. Ni baraza ya wasio na jioni, inaelea, na anayevuka kwa miguu halipi.

Kazini kwangu kupya nilianzisha mchezo mwezi wangu wa tatu tu. Daftari nashika mimi. Na hapa nina la kuungama, kwa sababu nimeandika kurasa nzima kuhusu mlango uliofungwa usoni mwangu.

Kuna msichana wa usafi, ameajiriwa na kontrakta, kwa hiyo hayuko kwenye chati yetu wala kwenye orodha yetu ya mishahara. Ametoka bara. Alikuwa akila peke yake kwenye ngazi za nyuma, bakuli la plastiki magotini, na mimi nilipita pale mwaka mmoja na nusu, nikimsalimu vizuri, nikienda kula na wenzangu. Hatukumkataa. Tulicheka mizaha yetu ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ambayo yeye haielewi, tukapanga mambo yetu, basi.

Kisha mvua za Mei zikaja na tukafungua stoo ya nyuma. Paa lilikuwa likivuja siku nyingi. Makasha manne ya faili, nyaraka ambazo sheria inatutaka tuzihifadhi, yamekuwa uji. Ukishika karatasi inabaki kidoleni. Nilikaa sakafuni nikitenganisha kurasa kwa kisu cha siagi, na yeye akawa ananisaidia, anapokea kila ukurasa na kuutandaza juu ya gazeti. Akaniambia, bila kulalamika, kwamba aliona maji tangu Februari.

"Hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia msimamizi wangu wa kontrakta. Wa kwenu sikujua nimwambie nani."

Mimi ndiye mkuu wa nyaraka. Meza yangu iko hatua ishirini kutoka stoo ile.

Nilipoleta jina lake kwenye mchezo, maneno yakawa mengi. Shilingi 3,000 ni nzito kwa mshahara wake. Na wa kontrakta, mmoja akasema, mkataba ukikatika si ataondoka na pesa zetu? Tulibishana siku tatu. Mwisho ikakubaliwa yeye na mwenzake wa usafi washike jina moja, kila mmoja 1,500, na wapokee kuelekea mwisho wa mzunguko, hawataingia kwenye bakuli la vikaratasi. Sharti hilo la mwisho sikulipenda, na nilisema silipendi, nikashindwa kwa kura.

Wanakula nasi sasa. Wiki iliyopita aliniambia kufuli ya geti la nyuma imelegea, nikaita fundi siku hiyo hiyo. Pesa zao zote wamelipa kwa wakati, kuliko baadhi yetu ninaowajua. Anataka mabati ya nyumba ya mama yake. Zamu yao ni Novemba.